Lambrusco Ndani ya Supu

Benchi letu liko nje ya baa ya Mama Argia, huku vijijini Mantova, karibu na mto Po, ambako ukungu wa Desemba ukishuka, mtu anamsalimia mti akidhani ni shemeji yake. Jumapili hiyo Nerino, tunayemwita Kengele kwa sababu akinong'ona hata kijiji cha pili wanaitika, alikuwa kimya, kahawa inapoa mkononi. Binti yake Ines alikuwa analeta mchumba nyumbani mchana, kijana wa Sisili aitwaye Calogero, na alikuwa amempa baba amri: asithubutu kumimina Lambrusco, divai yetu nyekundu yenye povu, kwenye supu mbele ya mgeni.

— Eti ni ushamba! akasema Kengele. Supu ya agnoli bila Lambrusco! Marehemu baba alikuwa anasimama na bakuli lake, anaugeukia ukuta, anawapa watu mgongo, anamimina, anakunywa. Babu vilevile. Leo niwafiche kama mali ya wizi?

— Msikilize binti yako, nikamwambia. Mchuzi wa mbwa hunywewa ungali moto.

— Wee, mbwa kaingiaje hapa?

— Tatizo lenu hamjui sayansi, akadakia Nusu Daktari, ambaye aliwahi kumchoma sindano ng'ombe mmoja, akapona wa jirani. Lile povu ni sabuni, jamani! Mafuta ya soseji za salami yakiliona tu, yanatimua mbio. Jirani yangu mzee Ultimo kala salami tangu aote meno, moyo wake unang'aa kama sahani ya harusi.

— Sabuni yako kaogee! akanguruma Kardinali, ambaye kanisani huingia mvua ikinyesha tu. Divai ile ina roho. Ukiifungua, si inapumua? Ipe jibini kuukuu, inacheka. Ipe maboga, inaimba. Ipe guu la nguruwe lililoshindiliwa nyama, inapiga magoti. Wahenga hawakukosea: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nguruwe hakusikia!

— Na samaki je? nikauliza.

— Samaki mmwagie Lambrusco uone, akajibu Kardinali. Anafufuka, anarudi mtoni kwa miguu.

— Kwa miguu?

— Kaka yangu alipishana naye.

Mama Argia akatoka na bakuli la supu linalofuka moshi, chupa ya Lambrusco kwapani.

— Kahawa imekwisha, makelele bado. Nerino, kunywa hii, baba, uso wako unanitia baridi.

Kengele akainuka. Sidhani hata alifikiri; mwili wenyewe uligeuka ukutani. Akamimina. Supu ya dhahabu ikaingia wekundu, ikawa zambarau, povu la waridi likapanda likinong'ona, na vile vimfuko vya unga vyenye nyama, agnoli zenyewe, vikaibuka juu kama vinachungulia. Harufu ya zabibu na mifupa iliyochemka usiku kucha ikatupita puani. Nimeona jambo hilo maisha yangu yote, na bado nilivua kofia. Hata Kardinali alivua yake.

— Samahani, wazee wangu. Kwa mzee Nerino ni wapi?

Sauti ilitoka kwenye ukungu, ikafuatiwa na kijana mwenye keki mkononi na lafudhi ya Sisili. Calogero! Kawahi, kapotea njia. Kengele akaganda, chupa mkono huu, bakuli mkono ule.

— Ndiye mimi, akasema. Umenikuta na ushamba wangu. Kamwambie Ines.

Kijana akaiweka keki benchini, akanyoosha mikono yote miwili, akapokea bakuli. Akanywa. Akafumba macho. Akanywa tena, taratibu, kama mtu anayesikiliza. Alipoinua uso alikuwa na masharubu ya zambarau.

— Mzee, akasema kwa sauti ndogo, hiki mnakinywa kila Jumapili?

— Tangu mababu.

— Mkiwa mmegeukia ukuta?

— Hivyo hivyo.

— Basi leo mchana, mkwe anasimama upande gani?

Kengele akasogea pembeni kidogo, na ukutani pakabaki nafasi ya mtu mmoja.