Dada Yetu na Shomoro wa Pete Nyekundu

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitindamimba, na marehemu ni dada yangu mkubwa aliyenibeba mgongoni, hivyo mnisamehe nikisoma kwa furaha, maana habari niliyo nayo haisomeki kwa kunong'ona.

Dada alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 katika nyumba za reli, nyuma ya karakana alikofanya kazi baba, fundi breki, akasoma shule iliyokuwa ng'ambo ya reli hiyohiyo, na mwaka 1978 akaajiriwa maabara ya chuo kuosha vioo, hadi akawa fundi wa maabara. Tarehe 4 Septemba 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshona viatu, mpole kuliko wateja wake wote, wakajaliwa pacha mwaka 1984.

Akiwanyonyesha pacha hao aliugua mara tatu mfululizo, akajiuliza kama shomoro wa paa la karakana nao huishiwa kinga wanapolea. Miaka mingi baadaye alipata ruhusa ya kuwapima, akachanganya matone ya damu yao na vijidudu kwenye visahani, akaona kwamba damu ya msimu wa makinda iliua vichache, na ya baada ya msimu iliua karibu vyote. Tulishangilia! Lakini mwalimu mmoja alimuuliza kama waliopimwa baadaye si wale wenye nguvu tu, wadhaifu wakiwa wamekwisha kufa, na dada akakiri kwamba hakuwa amemvisha ndege hata mmoja pete ya mguuni, ya kumtambua ili ampime tena. Kosa hilo lilimuuma sana.

Alipostaafu mwaka 2018 alianza upya, akavisha pete shomoro mama tisini, lakini shomoro akinaswa mara moja huukwepa wavu, na kwa miaka minne alipanda ngazi bure, sisi tukimtania kwamba ana wakwe darini.

Oktoba 2022 aligundulika na saratani ya ini. Tarehe 12 Machi 2023, dada akiwa wodini, mwenzake wa maabara alimnasa tena shomoro mama mwenye pete nyekundu, aliyepimwa Novemba iliyotangulia akiwa na makinda watano, na siku mbili baadaye akaleta picha za visahani viwili: cha Novemba kilikuwa na madoa hamsini na moja ya vijidudu, kipya kilikuwa na manne, ndege yuleyule! Dada alihesabu kwa kidole, akadai miwani, akahesabu tena, akacheka hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akadhani amepona. Kisha akatuonya kwamba ndege mmoja si ushahidi, wavu usishushwe.

Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia ile ngazi, na wenzake wa maabara.

Pumzika kwa amani, dada, wale themanini na tisa tutawatafuta sisi.