Saini Yangu Kwenye Diski ya Injini

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu wa Mahongole. Kamwene, nawasalimu kwa Kibena chetu. Nasimama hapa na ushuhuda ambao mwenyewe sijauelewa vizuri, kwa hiyo mkiniona napotea njia, mnivumilie.

Mnanijua, mimi ni mtoto wa mama Tulizo. Kazi yangu huko ng'ambo ni kupiga hesabu za injini za ndege: kipande kinachozunguka mle ndani kitahimili nguvu kiasi gani kabla hakijapasuka. Mama huwaambia watu sokoni kwamba mimi ni rubani. Nimechoka kumsahihisha.

Ndugu zangu, mwaka jana nilikosea. Nilikokotoa diski mpya, ile sahani ya chuma inayozunguka ndani ya injini, kwa kutumia mchoro wa zamani, kumbe mchoro mpya ulikuwa na kona moja kali zaidi, na chuma huanza kupasuka kwenye kona kali. Nikaweka saini. Mwenzangu wa kuhakiki akaniamini, naye akasaini. Nilipogundua, ilibaki miezi michache diski ianze kutengenezwa. Nikanyamaza. Niliogopa kufukuzwa, mimi Mbena pekee jengo zima. Nikafunga na kuomba: Bwana, ishike diski hii isipasuke. Kila nikisema amina, naufungua tena ule mchoro mpya. Mama naye alitaka nimkatie tiketi aje kunitembelea, nami nikawa natoa visingizio tu, maana kila injini niliyoiwaza niliiona ina saini ya mtu kama mimi.

Nilipokuja likizo nikaenda Makambako, kwenye gereji ya mjomba wangu. Palikuwa na lori la mbao, chesisi yake, ile fremu ya chuma ya chini, ina ufa. Dereva alikuwa na haraka, anataka ufa upakwe rangi apite ukaguzi. Mjomba hakubishana. Alichukua drili, akatoboa tundu pale ufa unapoishia ili usiendelee kutambaa, ndipo akachomelea.

"Barabarani Mungu atakulinda," alimwambia. "Ufa huu ni kazi yangu."

Ndugu zangu, nilikaa juu ya tairi nikalia. Mjomba akadhani ni moshi wa kuchomelea. Palepale nikawaandikia wakubwa zangu kwa simu, nikakiri kosa langu.

Walipiga hesabu upya, wakakuta diski isingefika hata nusu ya umri wake. Ikarekebishwa kabla haijatengenezwa hata moja. Wakanishukuru kwa barua, na kwa barua hiyohiyo wakaniondolea haki ya kusaini. Sasa nakokotoa, wengine wanasaini. Je, nimeinuliwa au nimeshushwa? Sijui. Bado namuuliza Mungu. Ila sasa nikisema amina, siufungui tena ule mchoro.

Ninamshukuru hata hivyo, nikiwa nimechanganyikiwa hivihivi. Kama yupo ndugu hapa ana ufa anaoupaka rangi kwa maombi, namsihi auonyeshe leo. Mtumaini Bwana. Sielewi anavyofanya kazi, lakini hakuniacha.

Mama anasafiri mwezi ujao. Nimemkatia siti ya dirishani, jirani na injini.