Fataki za Bwana Kabichi

Leo, Ijumaa tarehe 30 Juni 1989, baada ya miaka thelathini na minane ya kuitumikia reli, Bwana Anselme Vaudrey, mhandisi na Mkurugenzi wa reli za mkoa wetu, anastaafu. Jarida hili linagawiwa kwenye jukwaa la stesheni ya Valbrune jioni hii hii, na mwenyewe hajui kilichomo. Mimi Odile Bastide wa dirisha la tiketi nawaambieni, kuficha siri katika stesheni yenye midomo kama yetu ni kazi ngumu kuliko kukata tiketi siku ya soko.

Aliletwa kwetu mwaka 1951, kijana mbichi wa chuo cha uhandisi cha Paris, tai shingoni, viatu vinang'aa. Siku hizo mhandisi mpya alilazimishwa kwanza kuendesha garimoshi kwa miezi kadhaa, ajue anachokuja kukisimamia. Basi siku ya kwanza alipoachiwa breki peke yake, aliipita stesheni ya Valbrune kama vile haipo. Abiria walishukia kwenye bustani ya mama yangu, na kuku wao na vikapu vyao vya jibini. Mama alitoka na ufagio. "Wee kijana, stesheni iko kule nyuma. Hapa ulipo ni kwenye supu yangu."

Jumapili iliyofuata alirudi na miche ya kabichi, akavua tai, akapiga magoti na kupanda upya kila mstari uliokanyagwa. Mama akamlisha supu, madereva wakampa jina. Tangu hapo, akiwepo ni Bwana Vaudrey, akigeuka tu ni Kabichi.

Alipanda vyeo, na alivistahili. Ndiye aliyeliimarisha daraja letu refu la mawe wakati wengine walisema libomolewe. Alikuwa akipita chini yake na nyundo, anagonga jiwe, anatega sikio, anatikisa kichwa kama daktari. Wizara ikamchukua Paris, ikakaa naye miaka, kisha ikaturudishia akiwa mkurugenzi mwenye kitambi. Ndani ya mkoba wake wa ngozi nyundo bado ilikuwepo, pamoja na soseji kavu na kisu cha kukunja. Hakuna aliyewahi kutoka na njaa kwenye kikao chake.

Kitu kimoja tu alikikosa. Wana reli wote mnajua: dereva akistaafu, wenzake hufunga kwenye reli zile fataki za kuonyea hatari, na treni yake ya mwisho ikizikanyaga zinalipuka, pa, pa, pa, ng'ombe wa bonde zima wanatimua mbio. Heshima hiyo ni ya madereva peke yao. Mkuu wa stesheni hapigiwi, mhandisi hapigiwi, na mkurugenzi ndiyo usiseme kabisa. Bwana Vaudrey, akiwa kwetu, hakukosa hata sherehe moja. Alikuwa akisimama pembeni, kofia mkononi. "Odile," aliniambia siku moja, "hiki ndicho kitu ambacho cheo hakiwezi kunipatia." Alisema akicheka, lakini macho yake hayakucheka, na mimi roho iliniuma.

Sasa nije kwenye ule mgomo. Mwaka 1974 tume ilikuja kutoka Paris kuamua kama njia yetu ya reli iendelee au ifungwe. Bwana Vaudrey aliwaomba watu wa bonde jambo moja: siku hiyo wajae kwenye treni. Nasi wafanyakazi, tuliposikia reli yetu inatishiwa, tukafanya lile tunalolijua kuliko yote. Tuligoma. Siku hiyo hiyo! Wageni wamekuja kuona treni inavyohitajika, na treni imelala bandani.

Mkuu wa tume akatazama saa yake. "Bwana Vaudrey, si unayo leseni ya udereva? Washa, twende."

Akiwasha, ameiokoa njia lakini amevunja mgomo wa watu wake. Asipowasha, tume inarudi Paris na jibu tayari. Roumégous, katibu wa chama cha madereva, alikunja mikono kifuani. "Endesha, Kabichi. Uone kama kuna mtu atakupa mkono tena asubuhi."

Bwana Vaudrey aliufungua mkoba, akatoa soseji. "Mabwana," akaiambia tume, "waliogoma ni madereva. Reli haijagoma. Tutembee."

Wakatembea, wakubwa na viatu vyao vya ofisini, juu ya kokoto, juu ya daraja, huku wakikatiwa soseji. Na kila kituo walichopita kilikuwa na watu wanaongoja treni, kama walivyoombwa: wanafunzi, akina mama wa jibini, wazee wa kwenda hospitali. Wote wakajiunga nyuma. Wagomaji waliona haya, wakawapokea akina mama vikapu. Walipofika mjini, msafara ungejaza treni mbili. Mkuu wa tume alikaa kwenye benchi, akavua kiatu. "Nimeelewa," alisema. "Warudishieni watu treni yao." Roumégous akavuka jukwaa, akampa Kabichi mkono.

Mwezi huu Roumégous alisimama kwenye mkutano wa madereva na kuomba fataki kwa ajili ya mkurugenzi. Mmoja akabisha: "Huyo si dereva. Aliendesha miezi michache, tena akatupeleka kwenye kabichi."

"Kuna siku hakuendesha," Roumégous alijibu. "Mimi naihesabu hiyo."

Mikono yote iliinuka, hata wa yule mbishi.

Kwa hiyo, Bwana Vaudrey, ukisoma haya masikio yako bado yanavuma. Ulidhani unarudi nyumbani kama abiria, kumbe ulikuwa unapigiwa fataki zako. Asante kwa daraja, asante kwa treni, asante kwa miche. Uzee wako uwe mtamu, na afya isikutupe mkono.

Roumégous, anayeiendesha treni yako leo, ameahidi kukuachia breki ukikaribia Valbrune. Nami kwa tahadhari nimepanda kabichi pale pale pa mama, ng'ambo ya jukwaa. Kama unasoma haya ukiwa jukwaani, hongera, hatimaye umejifunza. Kama umo bustanini, pita tu ndani, Kabichi. Supu iko mekoni.