Nyasi za Nzai Zagoma Kutoa Gesi

Asubuhi hiyo kijiweni petu Bofu, Likoni, mbele ya birika la Mahfudh muuza kahawa, hapakuwa na habari za mpira. Nzai alikuwa ameinama. Alikuwa amejenga mtambo wa gesi nyuma ya nyumba, akautia kinyesi cha ng'ombe na nyasi za nepia, zile za kulishia ng'ombe, alizozipanda mwenyewe, kisha akamtangazia mama mkwe wake kwamba kwake hakupulizwi kuni tena. Mama alikuwa anakuja mwisho wa mwezi kujionea, na jiko halikutoa hata harufu.

— Nyasi zaelea tu, ndefu vile vile, — Nzai akasema. — Vijidudu vya kuziozesha mle ndani havizigusi.

— Nepia ni nyasi za bara, — akasema Hassan, tunayemwita Injinia kwa kuwa aliwahi kutengeneza feni. — Joto la Likoni limezishinda. Zipepee.

— Nipepee nyasi?

— Wallahi, na feni.

Kaviha, mbishi wetu, akaweka kikombe chini.

— Shida ni meno. Ng'ombe hutafuna kwanza. Hivyo vijidudu vyako vina meno?

— Havina.

— Basi tutafune sisi, tuvitemee.

— Wewe kikombe changu hugusi tena! — Mahfudh akafoka.

— Haya, zikateni, mziroweke na magadi kama maharagwe sugu! — Kaviha akasema.

Tulicheka mpaka kahawa ikatupalia. Nzai hakucheka. Aliinuka, akaenda kutafuta panga.

Jioni sote tulikuwa uani kwake tukikata vipande vifupi kama kidole. Nyasi zikalala kwenye maji ya magadi, zikalainika, zikasuuzwa, zikatiwa mtamboni kidogo kidogo. Kila kukicha Nzai alitega sikio kwenye bomba kama daktari, mpaka siku moja akatujia mbio: mtambo wanguruma!

Mama mkwe, Bi Mapenzi, alipofika alitukuta tumejazana jikoni.

— Shikamoo, mama, — Nzai akasema, akichomoa kijiti cha kiberiti.

— Marahaba, mwanangu. Hebu nione.

Moto wa samawati ukasimama. Hassan akapiga takbiri. Kaviha akataka mtambo uitwe jina lake. Chai ikachemka. Mama akainywa polepole, akatazama malengelenge viganjani mwetu, kisha shamba la nepia lililoonekana dirishani.

— Chai tamu, — akasema. — Na za kesho atakata nani?

Hassan alitazama juu. Kaviha alimtazama Hassan. Mimi niliinama nifunge kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndara.