Khardiata Diagne na Nyua za Medina

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Bi Khardiata Diagne, Mkuu wa Kumbi wa Tamasha la Sanaa la Jiji hapa Dakar, anastaafu. Funguo ameshazirudisha. Kiti chake bado tunakikwepa, maana anaweza kuingia wakati wowote akauliza nani karuhusiwa kukikalia.

Aliajiriwa kupokea simu. Wakati ule tamasha lilikuwa la makumbusho na majumba machache ya sanaa katikati ya jiji, wageni wale wale, hotuba zile zile. Ni yeye aliyeanza kubisha hodi mtaani Medina, nyumba kwa nyumba, akiwaomba watu watupe nyua zao. Kila alikoingia alikunywa ataya, chai yetu ya mizunguko mitatu, hadi glasi ya tatu, kwani anayeaga baada ya glasi ya kwanza hapewi hata kibaraza.

Kisha ukaja mwaka wa kondoo, ambao hatuwezi kuuruka hata akitusihi. Msanii Ngoné Faty alikuwa amesuka ukuta mzima kwa majani makavu ya karanga, kazi ya miezi mingi, tukausimamisha uani kwa Mzee Pathé Ndoye. Ilikuwa wiki ya Tabaski, Idi ya kuchinja. Mzee alinunua kondoo wake wa kuchinja, dume la kuringia, akamfunga pale pale anapowafunga kila mwaka. Asubuhi ya ufunguzi, nusu ya ukuta ilikuwa imeliwa.

Khardiata alifika akifoka. Mzee, mswaki mdomoni, akamjibu, "Wewe binti, unaniletea majani ya karanga uani wiki ya Tabaski, halafu kosa ni la kondoo?" Khardiata akakiri kosa. Kwa tunaomjua, hiyo ni ajabu kuliko ya kondoo.

Halikuwa jambo la kuchekesha siku hiyo. Ngoné alilia, na kamati ya tamasha ikaamua papo hapo kwamba nyumba za watu basi, sanaa irudi makumbusho. Jasho lote la Khardiata lilikuwa linakwenda na maji. Hakuomba kikao. Aliteleka birika kwenye jiko la mkaa pale uani, akawakalisha Ngoné na Mzee Pathé wakitazamana, akawamiminia chai.

Kwenye glasi ya tatu mzee alisema, "Nisamehe, mwanangu. Majani haya nimewabebea kondoo maisha yangu yote, ila jana jioni ndiyo mara ya kwanza nimekaa kuyatazama. Kabla huyu mshenzi hajayala."

Ngoné akafuta machozi. "Basi fungua mlango, babu. Na huyo mshenzi abaki."

Foleni ya waliotaka kuuona ukuta na kondoo wake ilifika barabarani, wanakamati wakiwemo, na uamuzi wao ukafa kimya kimya.

Leo nyua zetu ni nyingi kuliko makumbusho. Tuseme kweli, tuliogopa kwamba Khardiata akiondoka zitafungwa moja moja. Tena ua mmoja haujawahi kufunguliwa: wa kwake. Kila tamasha alishinda milangoni kwa wenzake, na mumewe, Bwana Latyr, akawa anamwona magazetini. Wiki iliyopita mafundi walipigilia kibao cha ukumbi wa kwanza wa tamasha lijalo kwenye mlango wa Khardiata. Ameomba mwenyewe, na amemwalika Ngoné asuke tena.

Asante, Bi Khardiata, kwa kila mlango uliotufungulia. Pumzika, uwe na afya na furaha nyumbani kwako. Tutakuja kubisha hodi na glasi ya tatu tutaisubiri. Tunakuomba kitu kimoja tu: Bwana Latyr akinunua kondoo wa Tabaski, amfunge juu ya paa.