Kang Hok-jin na Ubao wa Rehema

Waheshimiwa wafiwa, wazee wa mtaa, walimu wenzake na wanafunzi wa marehemu, ukoo wa Kang wa Keelung umempa kaka mkubwa wa marehemu, Kang Hok-gi, fundi wa kuchonga mbao, kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wake, Profesa Kang Hok-jin, naye atayasoma kama yalivyokuwa, pamoja na majina ya watu, kwa sababu marehemu aliumizwa kwa kutaja jina, na haifai jina hilo lifichwe siku ya kumzika.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Novemba 1934, mjini Keelung, bandari ya kisiwa chetu, katika chumba kilichokuwa juu ya karakana, mtoto wa pili na wa mwisho wa Kang Kim-sui, fundi wa mbao za heshima zinazotundikwa kwenye mahekalu na kumbi za koo, na mkewe Gan Bi. Babu yake alimwita Hok-jin, serikali ya Kijapani iliyotutawala wakati huo ikamwandika Egawa Yoshio mwaka 1942, na baada ya vita, kisiwa kilipokabidhiwa serikali ya bara, walimu waliotoka huko wakamwita Jiang Furen, naye aliitikia majina yote matatu kwa adabu.

Alianza shule ya msingi Aprili 1941, akachapwa fimbo kwa kusema lugha ya mama yake darasani, na serikali ilipobadilika mwaka 1945 alichapwa tena, na walimu wapya, kwa kosa lile lile.

Mwisho wa Februari 1947 raia waliinuka dhidi ya watawala, wakaunda kamati yao mjini, na tarehe 8 Machi askari wa kutoka bara walifika bandarini Keelung, wakaanza kupiga risasi wakiwa bado melini, wakaua wachukuzi wa mizigo, wauza samaki na watu waliokuwa wakipita tu, kisha wakaingia mitaani na kukusanya wanaume, wakawafungia katika ghala moja karibu na gati. Miongoni mwa waliofungiwa alikuwamo mtoto wa Bwana Lua Tik-hai, mfanyabiashara wa mchele na mzee wa mtaa, naye Bwana Lua akakumbuka desturi ya mababu zake, kwamba mkubwa akipewa ubao wa sifa na watu wa mji huona haya kuwadhuru waliompa, akaja karakana akiwa na kofia mkononi.

"Kim-sui, tuchongee ubao wa rehema, wa mti wa mkafuri, maneno manne, na uwe tayari kesho," alisema.

"Mzee Lua, mkafuri haujui kesho," baba akamjibu. "Una mambo yake."

"Basi uambie mwanangu yumo mle ndani."

Baba akachukua patasi. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa Rehema Yashuka Kama Mvua, na neno la mwisho likaangukia juu ya kifundo cha mti, na kwa kuwa hapakuwa na muda wa kutafuta ubao mwingine, alikikata kifundo akaziba tundu kwa kipande alichokichonga mfano wa mbegu ya tikiti maji, akamwambia Hok-jin akibane kwa kidole gumba mpaka gundi ikauke, huku akimtania, "Usipumue, Jin, ukipumua mvua haitanyesha." Ndiyo maana dhahabu aliyoipaka juu ya maneno haikushika vizuri mahali pale, ikaonekana mbegu nyeusi ndani ya herufi inayong'aa.

Tarehe 13 Machi 1947, saa nne asubuhi, baba na Hok-jin, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili, waliubeba ubao hadi mlango wa ghala, mmoja mbele na mmoja nyuma, wazee wakifuata na ubani. Aliyewapokea alikuwa meja ambaye hakujitambulisha, mtu mwembamba mwenye sikio la kushoto lililokatika ncha, akausoma ubao polepole, akauliza kwa kinywa cha mkalimani, "Nani amechonga?"

"Mimi, Bwana Mkubwa, Kang Kim-sui."

"Una mkono mzuri. Na ule wa mlangoni kwa kamati ya raia waasi, ni mkono wa nani?"

Baba alikuwa fundi, na fundi hakani kazi yake. "Ni wangu pia," akasema, "ila ule nilipewa mti mbaya."

Askari wakacheka, na meja naye akacheka, kisha akamwonyesha baba kwa kidole tu. Walimtoboa baba viganja vyote viwili kwa waya, wakamfunga pamoja na watu tisa waliotolewa ghalani, mtoto wa Bwana Lua akiwa wa tatu kutoka kwake, wakawapanga ukingoni mwa gati na kuwapiga risasi, na wale ambao risasi haikuwapata walivutwa majini na uzito wa wenzao. Bwana Lua alianguka pale pale na ubani wake. Meja aliamuru ubao uingizwe ndani usilowe, akainama mbele ya Hok-jin, akamwambia kupitia mkalimani, "Mwambie mama yako ubao umepokelewa."

Mwili wa baba haukupatikana. Mama yetu Gan Bi alikataa kumwekea kibao cha mbao chenye jina lake, kama wawekewavyo wafu, katika madhabahu ya ukoo mpaka aliyemuua atamke hadharani alichokitenda, akaandika jina la mumewe kwenye karatasi nyekundu, akawa anaibadilisha kila mwaka mpya, karatasi baada ya karatasi, na ndugu walipomsihi aliwajibu kwamba Kim-sui alikuwa mtu wa mbao, si wa karatasi, na kwamba yeye mkewe alijua hayo kuliko wao.

Marehemu alimaliza shule ya sekondari mwaka 1953, shahada ya kwanza ya elimu ya siasa mjini Taipei mwaka 1957, na udaktari mjini Kyoto mwaka 1965, akaajiriwa kuwa mhadhiri mwaka huo huo. Tarehe 20 Januari 1966 alimwoa Bi Tiunn Pik-ha, mwalimu wa shule ya msingi, wakajaliwa mtoto wa kiume, Ka-bing, mwaka 1967, na wa kike, Ka-un, mwaka 1970. Kwa kuwa mambo ya 1947 yalikuwa hayatajwi hata chumbani, aliandika kitabu juu ya mifereji ya mashamba ya mpunga, akionyesha jinsi amri ya mkubwa inavyoshuka mkono kwa mkono hadi kwa mtu wa mwisho, na jinsi kila mkono unavyodai kuwa haukuamua kitu.

Mwaka 1972 kitabu hicho kilipewa Tuzo ya Shang, ambayo Chama cha Wanazuoni wa Siasa hukipa kitabu kimoja tu kila mwaka, na katika kazi ile hapakuwa na heshima iliyoizidi. Mtaa ulifyatua fataki na kutundika kitambaa chekundu, na Mama Iunn, muuza samaki, akamzuia njiani, "Profesa, hiyo siasa unayoisoma itatusaidia nini sokoni?" naye akamwambia, "Ingesaidia, mama, wangekwisha kuipiga marufuku."

Sherehe ilifanyika Taipei tarehe 25 Novemba 1972, mama na Hok-gi wakiwa safu ya pili. Mwenye jina la tuzo, Daktari Shang Baichuan, mwenyekiti wa heshima wa chama, alikuwa jukwaani mwenyewe, mzee wa mvi zilizofunika masikio. Taratibu zilitaka mshindi asimame mbele ya ubao mkubwa uliotundikwa ukutani, ainame mara tatu, kisha apokee. Hok-jin aliinama mara ya kwanza kwa heshima ya chama, akainama mara ya pili, na alipoinuka mara ya tatu macho yake yakaangukia neno la mwisho, akaiona mbegu. Akamtazama mzee aliyemnyooshea mkono, na mzee alipoinamisha kichwa kumpongeza mvi zikasogea, na sikio la kushoto halikuwa na ncha.

Mkono alikwisha kumpa. Alipogeukia kipaza sauti, watu wote walingoja shukrani, naye akasema kwa sauti ya darasani, "Ubao huu ulichongwa na Kang Kim-sui, fundi wa Keelung, baba yangu. Tuliuleta mimi na yeye tarehe 13 Machi 1947. Aliyeupokea aliamuru apigwe risasi pale gatini, na ndiye huyu aliyenipa mkono sasa hivi."

Daktari Shang hakupandisha sauti, alisema tu, "Profesa amechoka, msaidieni," na watu wanne waliokuwa mlangoni wakaja kumsaidia, wakamburuta kwenye ngazi uso ukiwa chini, na mama yetu alipowafuata, mmoja wao alimpiga kifuani kwa kiwiko, akaketi sakafuni na nguo yake ya sherehe.

Wapelelezi walimhoji miezi mitano. Walimpiga figo kwa mifuko ya mchanga, walimng'oa meno manne, na mkono wa kuandikia waliuweka kwenye mlango wa chuma wakaufunga mara mbili. Walichotaka kilikuwa kidogo, na mhoji alikieleza kila siku kwa upole, "Mwalimu, kosea tu. Sema fundi alikuwa mwingine, meja alikuwa mwingine, macho yamekudanganya. Unarudi kwa mkeo leo leo." Hok-jin alimjibu kwamba kazi ya mkono ina mwenyewe. "Basi tufundishe siasa," mhoji akasema, akaufunga mlango mara ya pili. Alihukumiwa miaka kumi, akatumikia minane katika kisiwa cha wafungwa. Bi Pik-ha alifukuzwa kazi, akawa anachemsha tambi kando ya stesheni, na Ka-bing alirudi nyumbani kutoka shuleni mara nyingi na pua inayotoka damu kwa kuitwa mtoto wa jambazi. Mama yetu alifariki tarehe 2 Machi 1979, mwanawe akiwa kifungoni, ile karatasi nyekundu ikiwa bado madhabahuni.

Marehemu aliachiliwa mwaka 1980, akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Daktari Shang alifariki mwaka 1984, kitandani pake, akazikwa kwa mizinga, bila kutamka neno. Sheria ya hali ya hatari, iliyokuwa imefunga watu midomo, iliondolewa mwaka 1987, na mwaka 1997 chama kilifuta neno Shang katika jina la tuzo, na viongozi wake vijana wakaja Keelung na zawadi kumrudishia marehemu tuzo aliyonyang'anywa, wakasema wanamrudishia heshima yake.

"Heshima sikuipoteza," aliwaambia. "Nilipoteza baba. Nipeni ubao."

Walisema ni mali ya chama, wakasema ni historia, akawamiminia chai na kungoja, na baada ya mwaka mmoja wakauleta, na katibu wao, Bwana Tsan Iong-hui, akasimama mlangoni mwa karakana mbele ya mtaa mzima akasoma, kwa jina na tarehe, ni nani alimuua Kang Kim-sui na watu wale tisa. Hok-gi alichukua shoka aupasue. "Weka chini, Kaka," Hok-jin akamwambia. "Maneno ni ya uongo, lakini kazi ni safi. Ngoja nife, halafu tumia randa."

Figo zilizopigwa hazikupona. Alianza kusafishwa damu mwaka 2001, na alifariki tarehe 3 Oktoba 2004, saa tisa alasiri, mkewe akiwa ameushika ule mkono wa kulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokula tambi za Bi Pik-ha wakati wapelelezi waliandika majina ya kila aliyekula pale, wanazuoni wenzake, na watoto wa Mama Iunn walioleta samaki wa leo.

Vibao viwili vilivyo mbele ya jeneza vimekatwa katika ubao ule mmoja. Hok-gi ameiranda dhahabu yote, Rehema imekwenda, Yashuka imekwenda, Kama imekwenda, na Mvua nayo, imebaki mbegu peke yake, kwenye kibao cha baba, na kibao kilichokatwa ubavuni mwake ni cha mwanawe. Karatasi nyekundu itachomwa leo, kwa kuwa muuaji hakutamka, lakini chama chake kimetamka mahali pake.

Hok-jin, mdogo wangu, baba amepata mti wake. Ondoa kidole sasa, gundi imekauka, ukapumzike kwa amani.