Mpango wa Kumshusha Katapila Presha

Benchi letu liko Shanwe, huku Katavi, ubavuni mwa ghala la kununulia mahindi. Ukipita jioni utasikia kelele kabla hujaliona, maana hapo hakuna anayekubali kwamba kuna kitu hakijui. Leo kesi ni ya Makoye, tunayemwita Katapila kwa upana wa mabega na wa hayo mengine yaliyofuata chini ya mabega. Katapila ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Madaktari wa macho walipokuja mara ya mwisho walimpima presha, wakatazamana, wakamwambia kwa presha ile hapasuliwi mtu. Aende akaishushe, wao watarudi mwezi ujao. Basi Deogratias, aliyewahi kufundisha timu ya kata na hadi leo anaitwa Kocha, na Aloyce, ambaye ni Redio kwa kuwa hazimiki, wameichukua presha hiyo kama mali yao. Makarius anamimina kahawa, mimi natafuna kashata.

Kocha: Kuanzia kesho alfajiri, Katapila anakimbia mpaka Kasokola na kurudi. Mwisho wa maneno.

Katapila: Nilishakimbia, bhabha.

Kocha: Ulikimbia mara moja!

Katapila: Hiyo moja ndiyo iliyonilaza kitandani. Mke wangu Christina alinikanda magoti kwa maji ya moto akidhani nimegongwa na bodaboda.

Redio: Mbio zimepitwa na wakati. Adui ni chumvi. Piga marufuku chumvi nyumba nzima, na kwa majirani pia, maana inaingia hata kwa harufu.

Mimi: Chumvi ina harufu?

Redio: Kwa pua yako ya mafua, haina.

Katapila: Chumvi niliacha kabisa, hata punje. Kesho yake nikaenda kwa shemeji, nikakuta migebuka mikavu, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Nilikula mpaka wakanionea aibu.

Kocha: Shida yako, malengo yako ni ya kitoto. Weka lengo kubwa! Mwezi ukiisha uwe umekatika kiuno kama winga. Asubuhi mbio, mchana mlenda mtupu, usiku unalala sakafuni.

Redio: Na hasira aache. Mkeo akikugombeza, wewe cheka.

Katapila: Nilicheka. Akanifungia nje.

Tulicheka mpaka Makarius akamwaga kahawa kwenye makaa. Kocha hakucheka. Akaonyesha mizani ya ghala.

Kocha: Kila jioni tunampandisha pale. Akizidi jana yake, hapati kashata.

Redio: Wee Kocha, unahangaika na matawi. Presha ya huyu mtu iko zizini. Anawawaza mno ng'ombe wake. Auze wote, jioni hiyohiyo presha iko chini.

Katapila akaweka kikombe. Sauti yake ilibadilika.

Katapila: Hao ng'ombe ndio ninaotaka kuwaona, nyie! Juzi nimempapasa dume mgongoni, nampa sifa zake zote, nataja na mama yake. Binti yangu Sikujua ananiambia, baba, huyo ni wa jirani kaingia. Mimi! Niliyewaswaga kwa miguu kutoka Shinyanga hadi Katavi, ninayewajua kila mmoja kwa pembe zake! Wakinirudisha tena safari hii, bhabha, nitabaki kuwajua watu kwa kikohozi.

Iliniuma sana. Nikatazama pembeni.

Kocha: Ndiyo maana nasema mbio!

Redio: Chumvi!

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja tusiyemjua, kiroba cha mchele miguuni. Baadaye tulijua anaitwa Marsela, ametoka Kasansa, anamsubiri mwenye ghala. Akakohoa kidogo.

Marsela: Samahani, baba zangu. Kwani hospitali hawakumpa dawa?

Redio: Walimpa, dada. Vidonge vya uhakika kabisa.

Marsela: Anavimeza?

Kocha: Anavyo.

Marsela: Nauliza anavimeza?

Katapila akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa pakiti. Ilikuwa imekunjika pembe kwa kukaa mfukoni, lakini vidonge karibu vyote vilikuwa mahali pake.

Katapila: Walisema kila siku. Sasa siku kichwa kisipogonga, nimeze cha nini? Kikigonga, nameza.

Marsela: Na leo umemeza, baba?

Kocha akaangalia viatu vyake. Redio, ambaye hata msibani hanyamazi, alinyamaza. Na mimi nikaona haya, kwa sababu tangu siku ile aliporudishwa tumekaa naye jioni zote, tumemuuliza mbio, chumvi, mlenda na mkewe, na hilo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Redio: Mimi ndiko nilikokuwa naelekea.



Katapila: Makarius, kikombe hiki usitie kahawa. Tia maji.

Akaminya pakiti kwa vidole vyake vinene. Kidonge kikadondokea kiganjani. Akakisogeza karibu na jicho, akakisogeza mbali, akakirudisha tena karibu, kisha akaniletea kiganja mimi.

Katapila: Hebu niangalizie. Hiki ni kimoja au viwili?

Mimi: Kimoja, Makoye. Meza. Na kesho nitakuuliza tena.